Mgeni Nyumbani kwa Portia: Kutoka na Kuingia katika Uyahudi, Usomaji wa Mabepari wa Venisi

Mabepari wa Venisi, tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare iliyofanywa na Julius Nyerere na kutolewa na Oxford University Press mwaka 1969, imezoea kusomwa kwa ufunguo mmoja tu, nao ni jina lake. Neno "bepari" humfungia msomaji mlango kabla hajaingia ndani. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa miaka miwili nyuma, mwaka 1967. Mfasiri alikuwa Rais wa nchi. Na neno lenyewe, ambalo lilitoka Uhindi likiwa na maana ya mfanyabiashara basi, lilikuwa limekwisha kuvaa maana ya mnyonyaji. Kwa hiyo wanafunzi wa fasihi wameandika, mwaka baada ya mwaka, kwamba hii ni tamthilia ya fedha, riba na unyonyaji. Hawakukosea. Lakini wameacha nje nusu ya jambo, na nusu hiyo ndiyo inayouma.

Ndani ya tamthilia hii watu wawili wanatoka katika Uyahudi. Binti anatoka kwa hiari yake, usiku, amevaa nguo za kiume, akiwa amekwisha kumrushia mchumba wake kutoka juu kasha la mali ya baba. Baba anatoka mchana, mbele ya mahakama, kwa sharti. Mmoja anauita utokaji huo wokovu na ndoa; mwingine hauiti kitu, anaomba ruhusa aende nyumbani kwa kuwa hajisikii vizuri. Msomaji aliyekwisha kuamua kwamba Shylock ni bepari na hana kingine hawezi kuona kwa nini adhabu ya mwisho anayopewa bepari huyo haihusu fedha. Mali yake imekwisha kugawanywa pale Antonio anapoongeza sharti la ubatizo. Kama kosa ni riba, kwa nini dawa iwe maji ya ubatizo?

Hata hivyo jina alilochagua mfasiri lina jambo la kusifiwa, nalo ni wingi wake. Mfanyabiashara wa Shakespeare ni mmoja, naye ni Antonio, ingawa wengi humdhania kuwa ni Shylock. Katika Kiswahili wamekuwa wengi: mji mzima ni wa mabepari. Bassanio anayemfuata mwanamke tajiri ili alipe madeni, Lorenzo anayemchukua binti pamoja na kasha, Antonio mwenye merikebu katika kila bahari, wote wameingizwa chini ya jina moja na Myahudi wao. Tafsiri hii imemwondolea Shylock upweke wa lawama ambao karne nyingi za jukwaa la Ulaya zilimtwika. Lakini kwa kumsawazisha hivyo na wenziwe, imeficha tofauti ambayo Wavenisi wenyewe hawaisahau hata dakika moja. Wao hawamwoni kama bepari mwenzao. Wanamwita Myahudi, mara nyingi bila kutaja jina lake, na pale hukumu inapogeuka, sheria anayoishika Portia si sheria ya riba wala ya mauaji kwa jumla. Ni sheria ya mgeni anayetafuta roho ya mwananchi. Shylock ana nyumba Venice, ana sinagogi Venice, amemlea binti Venice. Lakini kifungu kilichommaliza ni kile kinachomhesabu kuwa mtu wa kuja.

Yafaa kukumbuka ni nani aliyeandika, na kuhusu nani. Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, na hawakuruhusiwa tena kukaa humo waziwazi hadi karibu mwaka 1656. Tamthilia iliandikwa baina ya tarehe hizo mbili, kwenye mwaka 1596 au 1597, na ikapigwa chapa mwaka 1600. Maana yake ni kwamba mtunzi alikuwa akimwandika jirani ambaye hakuwa naye. Aliokuwa nao London ni masimulizi, mahubiri, tamthilia ya Marlowe juu ya Myahudi wa Malta (ambamo pia binti anaacha dini ya baba), na kesi ya Rodrigo Lopez, tabibu wa Malkia Elizabeth, Mreno wa ukoo wa Kiyahudi aliyekuwa Mkristo, akanyongwa mwaka 1594 kwa shtaka la kutaka kumpa Malkia sumu. Ubatizo wa Lopez haukumsaidia kitu. Walipomchukia walikumbuka alikotoka. London ilikuwa na nyumba maalumu ya Wayahudi waliobatizwa, iliyoanzishwa na Mfalme Henry wa Tatu mwaka 1232. Venice nayo, ambayo mwaka 1516 iliwafungia Wayahudi katika mtaa wao ulioitwa ghetto, ilifungua mwaka 1557 nyumba ya kuwafunza waliotaka kuingia Ukristo. Nyumba ya walioongoka ni chombo cha ajabu. Inampokea mtu, na papo hapo inamweka kando, kwa sababu kama kweli angekuwa amekuwa mmoja wa wenyeji, asingehitaji nyumba yake peke yake.

Hispania ilionyesha jambo hilo kwa ukatili zaidi. Baada ya mauaji ya mwaka 1391, Wayahudi wengi walibatizwa ili wabaki hai. Haikupita miaka sitini, na mji wa Toledo, mwaka 1449, ukatunga amri ya kuwazuia wazao wa waliobatizwa wasishike vyeo. Kosa lao halikuwa tena dini, maana dini walikuwa nayo ile ile ya wenyeji. Kosa lilikuwa damu. Waliitwa Wakristo Wapya, na upya huo haukuchakaa kwa mwana wala kwa mjukuu. Mwaka 1492 waliokataa ubatizo walifukuzwa. Mwaka 1497 Ureno haikuwapa hata nafasi ya kuondoka kwa hiari, bali iliwabatiza kwa nguvu. Mtu akisoma tendo la nne la Mabepari wa Venisi akiwa na tarehe hizo mkononi, hawezi kuridhika na wale wahakiki wanaosema kwamba kwa mawazo ya zama hizo Antonio alimtendea Shylock hisani kwa kumfungulia mlango wa mbinguni. Zama hizo zilijua vizuri sana kwamba mlango huo ulikuwa na chumba cha nje, na kwamba wengi walioingia waliachwa humo humo.

Jessica ndiye ushahidi, na ni ajabu jinsi anavyopitwa haraka darasani. Mwalimu hushughulika na ratili ya nyama na vijaluba vitatu, kisha muda unakwisha. Lakini mfuate binti huyu tangu anapoiacha nyumba ya baba. Anapofika Belmont pamoja na Lorenzo, Gratiano anawatangaza kwa maneno ya kumwita kafiri. Muda mfupi baadaye anamwagiza Nerissa amkaribishe yule mgeni. Mwenye nyumba, Portia, ambaye kinywa chake hakikauki, hana la kumwambia wakati huo. Baadaye Lancelot, mtumishi aliyemjua tangu kwa baba yake, anamtania kwamba hana tumaini la kuokoka kwa kuwa ni binti wa Myahudi; Jessica anajibu kwamba ataokolewa na mume wake, aliyemfanya Mkristo. Ndipo mtumishi anapotoa mzaha ambao unastahili kuandikwa kwa herufi kubwa na kila anayeisoma tamthilia hii kwa macho ya uchumi: analalamika kwamba kuwafanya Wayahudi kuwa Wakristo kutapandisha bei ya nyama ya nguruwe. Hapo ndipo dini na ubepari vinapokutana kweli, kinywani mwa mtu maskini, katika onyesho ambalo wachezaji wengi hulikata ili kufupisha muda. Aliyeingia katika imani mpya ameonekana kuwa mlaji mmoja zaidi sokoni.

Katika tendo la tano, Jessica na Lorenzo wanakaa chini ya mwezi na kutajiana wapenzi wa zamani. Wahakiki huliita onyesho la mapenzi. Lakini wapenzi wanaowataja, Troilus na Cressida, Pyramus na Thisbe, Dido aliyeachwa pwani, Medea, hakuna hata mmoja aliyeishia vizuri. Neno la mwisho la Jessica katika tamthilia nzima ni kwamba muziki mtamu haumfurahishi kamwe. Baada ya hapo hasemi tena, ingawa yumo jukwaani hadi mwisho, hata pale wanapoletewa habari ya urithi wa baba yake. Lorenzo ndiye anayeshukuru.

Kuna hotuba ya Shylock ambayo kila mwanafunzi anaijua, ile ya macho na mikono na damu inayotoka mtu akichomwa. Imegeuzwa kuwa ombi la utu, na inasomwa katika sherehe. Hiyo ni kuisoma nusu tu. Shylock haombi kupokewa. Anajenga hoja ya kulipiza kisasi. Na la maana zaidi kwa jambo linalozungumzwa hapa, hoja yake yote inasimama juu ya mwili: anadai kwamba Myahudi anafanana na Mkristo kwa kila kiungo. Hadai kwamba ni wa Venice. Ndugu kwa mwili na mgeni kwa sheria, hayo mawili yanakaa pamoja ndani yake bila kugombana, na mahakama itachukua la pili na kuliacha la kwanza.

Hapa inafaa kuuliza swali ambalo halimo katika vitabu vya mwongozo: je, mambo haya yanaonekanaje kutoka ndani ya Uyahudi wenyewe? Anayeuliza yuko nje, na wasomaji wengi wa tafsiri hii wako nje vilevile. Kwa kweli wako nje mara mbili, kwa kuwa wanamtazama Myahudi kupitia jicho la Mwingereza ambaye naye hakumwona. Lakini yaliyo wazi katika sheria ya Kiyahudi yanatosha kuibomoa ile furaha ya tendo la tano. Kwa mujibu wa Talmudi, mwana wa Israeli aliyetenda dhambi anabaki kuwa mwana wa Israeli. Ubatizo haumtoi. Na kwa kuwa Uyahudi, katika sheria ya marabi, unafuata mama, watoto ambao Jessica atamzalia Lorenzo watakuwa Wayahudi, hata wakibatizwa wote. Antonio amepanga kwa uangalifu jinsi mali itakavyotoka kwa Shylock iende kwa Wakristo. Kumbe kwa hesabu ya upande wa pili, mali hiyo inakwenda kwa wajukuu wa Kiyahudi. Shakespeare huenda hakuijua kanuni hiyo. Tamthilia haihitaji mtunzi aijue.

Hilo si jambo la vitabu vya kale tu. Taifa la Israeli lilitunga mwaka 1950 Sheria ya Kurudi, inayompa kila Myahudi haki ya kuhamia huko. Mwaka 1962 Mahakama Kuu yake ililetewa kesi ya Oswald Rufeisen, mzaliwa wa Kiyahudi wa Poland aliyewaokoa wengi wakati wa vita, kisha akaingia Ukatoliki na kuwa mtawa kwa jina la Ndugu Daniel. Alidai kwamba taifa lake ni la Kiyahudi ingawa dini yake ni ya Kikristo. Sheria ya marabi ingemhesabu bado kuwa Myahudi. Mahakama ya serikali ikakataa, ikishika maana ya neno kama watu wa kawaida wanavyolielewa. Akapata uraia baadaye kwa njia nyingine, ile ya wageni. Mwaka 1970 sheria ikarekebishwa: Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeingia, naye si wa dini nyingine, lakini haki ya kuhamia ikapanuliwa hadi kwa mwana na mjukuu. Shylock na Ndugu Daniel wamesimama katika vizingiti vinavyotazamana. Mmoja aliambiwa hatakuwa mwenyeji mpaka aache. Mwingine aliambiwa ameacha, basi si mwenyeji.

Mfasiri wa Kiswahili anaingia katika ugumu huu akiwa na vifaa visivyolingana. Lugha hii ina kitenzi cha kuingia Uislamu, kusilimu. Ina kitenzi cha kuingia Ukristo, kutanasari, ingawa siku hizi hakisikiki sana, na makanisa yameeneza "kuongoka". Lakini kitenzi kilichozoeleka cha kuingia Uyahudi hakuna. Inabidi kusema kwa maelezo. Pengo hilo ni kumbukumbu ya historia: pwani na bara zilipokea wahubiri wa dini mbili zilizowatafuta watu, hazikupokea mhubiri wa dini ya tatu, ambayo haikuwa na desturi ya kutafuta. Na vitenzi vilivyopo havina usawa. Kuongoka ni kunyooka. Anayesema kwamba Shylock ameongoka amekwisha kukubali kwamba alikuwa amepinda, yaani amekaa upande wa Antonio kabla ya kusikiliza kesi. Kubatizwa ni neno la haki zaidi, kwa kuwa ni la kutendwa: linaeleza kilichofanyika juu ya kichwa cha mtu, likanyamaza kuhusu kilichomo ndani.

Kiebrania kina kitenzi chake, kilichoundwa kutoka jina lenyewe la Wayahudi, nacho kinaonekana mara moja tu katika Biblia, katika Esta 8:17, pale watu wengi wa nchi ya Uajemi wanapoingia upande wa Wayahudi kwa sababu ya hofu. Mfasiri akitumia "kujifanya Wayahudi" ameipa aya hiyo shaka ambayo Kiswahili hakiwezi kuitoa: walijigeuza, au walijisingizia? Kwa bahati njema shaka hiyo imo pia katika ufafanuzi wa marabi wenyewe. Na jina la dhahania nalo lina mzigo. Katika Agano Jipya la Kiswahili, "Uyahudi" ni nchi, ile ambamo Bethlehemu imo. Katika mazungumzo ni dini. Na kwa kanuni ya ngeli ni hali ya mtu, kama utu na ugeni. Ukristo hauna nchi ndani ya jina lake. Uyahudi una nchi, dini na nasaba katika silabi nne, na hiyo, kwa mara moja, si dosari ya tafsiri. Ndivyo kitu chenyewe kilivyo.

Wengi wanaotaka mfano wa uongofu mwema kinyume na ule wa Venice hukimbilia Kitabu cha Ruthu. Wana haki. Mwanamke wa Moabu, mjane, anakataa kumwacha mkwewe Naomi, na kuifunga nafsi yake na watu wake na Mungu wake. Hakuna mahakama, hakuna kasha, hakuna mchumba anayengoja chini ya dirisha. Marabi waliona humo mfano wa kumpokea mwongofu: kama Naomi alivyomrudisha, anayekuja sharti kwanza arudishwe. Talmudi inaagiza aulizwe ameona nini hata aje, na kama hajui kwamba Israeli ni watu wanaoteswa. Akijibu kwamba anajua, na kwamba hastahili, hapo hupokewa mara moja. Yafuatayo ni tohara kwa mwanamume, kuzamishwa majini, na kukubali amri mbele ya watu watatu. Baada ya hapo ni kama mtoto aliyezaliwa upya, na Mishna inakataza kumkumbusha matendo ya wazee wake. Maimonides, katika karne ya 12, alimwandikia mwongofu mmoja aitwaye Obadia kwamba aombe kama wenziwe wote, akimtaja Mungu wa mababa pasipo kubadili neno, kwa kuwa Ibrahimu ni baba wa kila anayeingia. Mtu akiweka barua hiyo karibu na neno la Gratiano juu ya "mgeni yule", ataona umbali uliopo.

Lakini hakiki ya kweli haiwezi kuishia hapo, maana kitabu cha Ruthu hakifuati kikamilifu kanuni iliyotolewa ndani yake. Mara tano masimulizi yanamwita Ruthu Mmoabi kwa jina kamili, na mara ya mwisho anayemwita hivyo ni Boazi, mbele ya wazee langoni, katika saa ile ile anayomtwaa awe mke. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 23, ilikuwa imemfungia Mmoabi mlango wa kusanyiko hata kizazi cha kumi, na marabi iliwabidi wafafanue kwamba katazo ni la wanaume, si la wanawake, ili mfalme Daudi, kitukuu wa Ruthu, awe na mahali. Zaidi ya hayo, Ruthu anasema kwa mara ya mwisho katika sura ya tatu. Katika sura ya nne, shamba linanunuliwa, ndoa inafungwa, mtoto anazaliwa, naye yuko kimya. Na majirani wanapofurahi, wanasema mwana amezaliwa kwa Naomi. Nani asiyemkumbuka Jessica? Waandishi wawili, waliotengana kwa karne nyingi na kwa kila kitu kingine, walimaliza habari ya mwanamke aliyeingia kwa kumnyamazisha. Tofauti ipo katika kilichobaki. Jina la Ruthu limebaki juu ya kitabu, na kitabu husomwa katika sikukuu ya Shavuoti, siku ya kupewa Torati. Jessica amebaki na hati ya urithi.

Afrika ya Mashariki ina mfano wake, na ni kosa kwamba wasomi wa Kiswahili wamewaachia wanahistoria peke yao. Semei Kakungulu, kiongozi wa kijeshi wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuiteka Uganda ya mashariki kisha akakosana nao, aliisoma Biblia ya Kiganda kwa bidii iliyomshinda mmisionari. Mwaka 1919, karibu na Mbale, alijitahiri na kuwatahiri wanawe. Walipomwambia kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi, akasema basi wao ni Wayahudi. Wafuasi wake waliitwa Abayudaya. Kwa hiyo jumuiya hiyo ilizaliwa na tendo la kusoma. Hapakuwa na rabi wa kuwarudisha mara tatu, kwa kuwa hapakuwa na rabi. Kiganda kiliwapa kiambishi cha watu, na wakawa watu. Kakungulu alifariki mwaka 1928. Katika miaka ya 1970 Idi Amin aliipiga marufuku dini yao, na wengi wakaiacha. Waliobaki, mwaka 2002, karibu mia nne, walipitia uongofu rasmi mbele ya marabi wa madhehebu ya Konsevativu waliotoka Marekani na Israeli. Watu ambao waliishika Sabato tangu kwa babu zao waliingia majini ili waanze upya. Baadhi yao walisita, na msomaji anaweza kuelewa: kukubali kuzamishwa leo ni kama kukiri kwamba jana hukuwa chochote. Mmoja wao, Gershom Sizomu, alipewa urabi mwaka 2008. Hata hivyo, mwaka 2018, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilikataa ombi la mmoja wa Abayudaya aliyetaka kuhamia kwa Sheria ya Kurudi. Lango lililofunguliwa na marabi halikuwa lango la wizara.

Na Lubumbashi? Mwanafunzi wa mji huu anaweza kulipita sinagogi bila kujua kwamba anapita mbele ya jibu mojawapo la tendo la nne. Wayahudi waliolijaza zamani, wakati mji ulipoitwa Élisabethville, wengi wao walitoka kisiwa cha Rhodes. Nyumbani walisema Kihispania cha kale, urithi wa waliofukuzwa mwaka 1492, yaani wa wale walioulizwa swali aliloulizwa Shylock, wakachagua barabara. Walioondoka Rhodes kuja Katanga kufanya biashara mwanzoni mwa karne ya 20 hawakujua kwamba wanajiokoa. Mwezi wa Julai 1944 Wajerumani waliwachukua waliobaki kisiwani, zaidi ya watu 1,600, wakawapeleka Auschwitz, ambako wachache tu walipona. Huko hakuna aliyewaomba wabatizwe. Nadharia ya Toledo ilikuwa imefika mwisho wake: damu tu, bila swali. Wenyeji wa Katanga waliwajua watu hawa kwa maduka yao, na huenda neno "bepari" lingewatosha. Nyerere mwenyewe, aliyezaliwa katika nyumba ya mtemi wa Wazanaki na kubatizwa kwa hiari yake mwaka 1943 akiwa mtu mzima, alijua kuingia dini ni nini. Katika jina la kitabu alichagua kusema juu ya fedha. Kitabu chenyewe kimebeba mengine.

Wacheza tamthilia wameyaona hayo mbele ya wahakiki. Jonathan Miller, alipoiongoza mwaka 1970 huko London na Laurence Olivier akiwa Shylock, alimbakiza Jessica jukwaani peke yake mwishoni, ikasikika sala ya Kiyahudi ya kuwaombolezea wafu. Filamu ya Michael Radford ya mwaka 2004 inamwonyesha Shylock akifungiwa nje ya sinagogi, kisha Jessica, kando ya maji, akiigusa pete ya mama yake Leah, ambayo bado iko kidoleni. Picha hiyo inagusa moyo, lakini maandishi hayairuhusu. Katika maandishi, Tubal anamwambia Shylock kwamba mmoja wa wadai wa Antonio alimwonyesha pete hiyo, aliyoipata kwa Jessica kwa kumpa kima. Mwongozaji alitaka kumrudishia binti kitu ambacho mtunzi alikuwa amemnyang'anya. Msomaji wa kitabu hana filamu. Anabaki na kima, na na mwanamke aliyekaa kimya katika nyumba ya watu, muziki ukiendelea.